Mdaiwa Sugu wa Mtaa wa Mchikichi

Jumatatu, saa nne asubuhi, ndani ya benki yenye kiyoyozi cha kugandisha samaki, Fakhriya muuza vitambaa aliambiwa mbele za watu kwamba yeye ni mdaiwa sugu.

"Mimi?"

"Mfumo ndio unasema, dada," alijibu kijana wa mezani, macho yake yakiwa kwenye simu. "Ulikopa Ngazi Njema Mikopo, Gerezani. Marejesho hujalipa hata moja. Hatuwezi kukukopesha."

"Huko Gerezani sijawahi hata kupanda ngazi zao!"

"Basi pinga taarifa. Utaratibu upo."

Utaratibu upo! Loo, neno hilo limeua watu wengi kuliko kipindupindu. Mumewe Fakhriya, marehemu Talha, alimwachia fremu moja ya duka Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo, na riziki yake yote ilitoka hapo. Mkataba ulikuwa umekwisha. Mwenye jengo, Mzee Asad, alitaka kilemba kipya, fedha za kushikia fremu, ndipo amwandikie mwingine, na alimpa mpaka Jumatatu inayofuata. Akishindwa, fremu inakwenda kwa mtu mwingine ambaye fedha zake alishaziweka kwa Mzee Asad kupitia dalali, jina akalificha.

Basi Fakhriya akaufuata huo utaratibu. Benki wakamtuma kwenye taasisi inayotunza kumbukumbu za wakopaji, ghorofa ya tano, lifti mbovu. Taasisi wakasema wao wanapokea tu wanacholetewa, aende kwa aliyeleta taarifa. Ngazi Njema, mapokezi, wakataka barua ya polisi. Polisi wakataka barua ya Ngazi Njema. Aliporudi taasisi akiwa na vumbi mpaka kwenye kope, dada mmoja mwenye kucha ndefu akamwambia lalamiko limepokelewa na litajibiwa ndani ya siku za kazi. Kazi ya nani, hakusema.

Jumatano alasiri akachoka, akapanda daladala kwenda Magomeni kwa Bi Kuruthumu Zahoro.

Bi Kuru, kama wengi walivyomwita, alikuwa inspekta mstaafu wa upelelezi, kitengo cha wizi wa kughushi. Alisoma chuo kimoja na mama yake Fakhriya, walifungua juzuu pamoja. Kazini aliwakamata wezi wengi na akawadharau wote, na dharau yenyewe hakuifungia kwa wezi peke yao. Makarani, mameneja, waandishi wa barua za "tafadhali rejea", wote aliwaweka kapu moja.

"Shikamoo, Bi Kuru."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Uso huo umetoka ofisini."

Fakhriya akaeleza, akalia, akaeleza tena. Bi Kuru alimsikiliza huku akichambua mchele, akitupa chuya uani kwa hasira kana kwamba kila moja ni ofisa.

"Fremu ikienda, mimi nimekwisha," Fakhriya alisema. "Sina kazi nyingine ninayoijua."

"Haiendi. Kesho tunaanzia Gerezani, kwa huyo aliyekukopesha bila kukuona."

*

Alhamisi, saa tatu na nusu. Ofisi ya Ngazi Njema ilikuwa juu ya duka la vipuri vya magari. Ofisa mikopo aliitwa Tarsis, kijana wa tai nyekundu aliyezoea kuongea na watu kama anawasomea hukumu.

"Mama, mfumo haukosei."

"Mfumo sijauuliza. Nakuuliza wewe," alisema Bi Kuru, akavuta kiti bila kukaribishwa. "Mteja wako huyu hapa, anataka kujua alikopaje. Alikuja lini?"

Tarsis akabofya kompyuta kwa kisirani. "Alhamisi ya mwisho kabla ya mfungo wa Ramadhani. Saa saba mchana."

Fakhriya akafumbua kinywa. Bi Kuru akamfinya paja.

"Alikuja mwenyewe?"

"Mwenyewe, na kitambulisho chake cha taifa mkononi."

"Uso wake uliuona?"

"Alivaa ninja, mama. Sisi tunaheshimu dini za watu."

"Mmejaaliwa. Hapakuwa na mfanyakazi wa kike wa kumtazama faragha?"

"Alikwenda lanchi."

"Na picha mlipiga?"

Tarsis akageuza kioo cha kompyuta kwa fahari. Kitambaa cheusi, macho mawili, basi.

"Huyu anaweza kuwa mimi," alisema Bi Kuru. "Anaweza kuwa wewe ukivua tai. Alama za vidole je?"

Hapo ofisa akakohoa. "Mashine ilikataa. Alikuwa na hina kwenye vidole, mbichi, mpaka nchani, imekolea kweli. Tulijaribu mara tatu. Foleni ilikuwa ndefu, nikaruka hatua hiyo."

"Ukaruka."

"Mfumo unaruhusu."

"Na namba ya kuthibitisha?"

"Ilitumwa kwenye simu yake, ile ya duka. Alikuwa nayo, akanisomea hapa hapa, nikampa fedha taslimu. Ndiyo maana nasema ni yeye."

"Kitu kingine unachokumbuka?"

Tarsis akatabasamu kidogo. "Udi. Ofisi ilinukia mpaka jioni. Nikasema, hawa mama wa Kariakoo wanajipenda."

Bi Kuru akasimama, akashukuru kwa adabu iliyomtisha Fakhriya kuliko matusi. Walipofika chini, kwenye kelele za nyundo na harufu ya grisi, Fakhriya hakuweza kujizuia tena.

"Bi Kuru! Alhamisi ile nilikuwa ndani! Nilikuwa eda!"

"Najua. Nilikuja kukupa pole Shaaban ile, ukanipokea na nguo yako nyeupe."

"Sasa mbona umenizuia nisimwambie?"

"Ungemwambia, angekumbuka upya. Hina ingefutika, udi ungepotea. Mjinga akijua kosa lake mapema hulifukia. Mwache nalo, tutalihitaji."

Kweli tupu. Talha alifariki mwezi wa Rajabu, na tangu siku hiyo Fakhriya alikalia eda kama walivyokaa mama na bibi zake: hatoki, havai dhahabu, hafukizi udi, hina hata kuigusa hakuigusa. Sabuni aliyoogea ilikuwa ya mche, isiyo na harufu. Mjane wa namna hiyo ndiye anayesemekana alipanda ngazi za Gerezani ananukia kama bibi harusi.

"Sikiliza," alisema Bi Kuru wakivuka barabara ya mwendokasi. "Aliyefanya hili alijua huwezi kutoka, na alijua hina inaziba vidole mashine isisome. Kila mwanamke aliyewahi kusajili laini ya simu wiki ya harusi analijua hilo. Akajiona ana akili. Ila hina hiyo hiyo ndiyo imemvua nguo, kwa sababu mwenye eda hapaki. Mtu wa mbali asingejua kama uko ndani. Kwa hiyo ni mtu wa karibu, tena aliyeona eda yako kama mlango uliosahauliwa wazi. Kitambulisho chako kilikuwa kwa nani?"

Fakhriya akasita. "Kwa shemeji yangu Nasor. Alikichukua kwa mambo ya mirathi."

"Na simu ya duka?"

"Kwa Ismail, mfanyakazi wangu. Wateja walikuwa wanalipia humo."

"Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu. Twende tukakung'ute nguo."

*

Ijumaa asubuhi, dukani. Nje ya fremu ilisimama bodaboda mpya, plastiki za kiti hazijatolewa bado. Fakhriya akaitazama, akamtazama Ismail. Kijana huyu alikuwa amekula chakula chake miaka mingi.

"Chombo kizuri," alisema Bi Kuru. "Umekipata wapi?"

"Mchezo wa kuchangiana, Bi Kuru. Nimepokea zamu yangu."

"Kijumbe wenu nani?"

"Mama mmoja anakaanga samaki Feri."

"Mpigie. Weka sauti ya nje."

Ismail akapiga. Yule mama wa Feri hakungoja hata kuulizwa vizuri: ndiyo, Ismail kapokea, na amwambie wazi kuwa wiki hii kachelewesha mchango, asijifanye tajiri kwa pikipiki. Wateja wawili wakacheka. Ismail akatamani ardhi ipasuke.

"Haya, umepona," Bi Kuru alimwambia. "Alhamisi ile kabla ya mfungo, adhuhuri, simu ya duka ilikuwa wapi?"

Ismail akafikiri. "Haikuwepo. Ilikwenda nyumbani kwa bosi Nasor, ikabadilishwe kioo. Nakumbuka kwa sababu mteja alilipa baibui tatu, ujumbe sikuuona mpaka iliporudi alasiri."

"Na kioo?"

"Kilirudi na ufa wake ule ule. Wakasema fundi kafunga."

Fakhriya akasema kwa uchungu: "Nasor! Ndugu wa tumbo moja na mume wangu!"

Baada ya swala ya Ijumaa wakaenda kwa Nasor, ghorofani mtaa wa pili. Mkewe, Husna, akawakaribisha kwa kahawa na halua, maneno matamu kuzidi halua yenyewe. Harusi ilikuwa imepita kwao juzi, mikono yake ilikuwa na maua mapya. Simu yake ikalia, ujumbe umeingia, akaigusa kwa kidole gumba mara mbili, haikufunguka.

"Adha ya hina hii," alisema, akiingiza namba. "Kila nikipaka, simu inanikana."

Nasor, mtu wa sauti kubwa na kifua kipana, alipoulizwa akaruka kama kamwagiwa maji ya moto.

"Mimi nimwibie mjane wa ndugu yangu? Bi Kuru, nakuheshimu, lakini hapo umekosa!"

"Fremu uliitaka?"

"Niliitaka, ndiyo! Nani Kariakoo hii hataki fremu ya Mchikichi? Lakini mimi kitu nikikitaka naomba, na nilimwomba shemeji, akakataa, nikanyamaza. Muulize!"

"Ni kweli aliomba," Fakhriya alikiri.

"Kitambulisho chake ulikiweka wapi?"

"Kwenye kabati la chumbani, na karatasi za mirathi. Kikakaa huko mpaka alipotoka eda."

"Na simu, nani aliitaka ije kubadilishwa kioo?"

"Simu gani? Mimi habari ya kioo siijui!"

"Ah, si ile siku ulisema ina ufa, baba," Husna alidakia taratibu. "Wewe mwenyewe. Umesahau tu, msiba ulikuchanganya."

Nasor akakunja uso, akajikuna ndevu, asijue akubali au akatae. Fakhriya akamwona mwizi mtupu. Bi Kuru akamaliza kahawa yake, akaweka kikombe.

"Basi tusigombane. Ngazi Njema wamegundua jambo. Yule mwanamke alipoweka kidole mara tatu, mashine ilikataa, lakini kila mara ilihifadhi picha ya kidole chenyewe. Na wamepata mashine mpya, inasoma hata chini ya hina. Kesho saa kumi jioni ofisa anakuja nayo dukani. Wote tutaweka vidole, mimi wa kwanza, fitina iishe."

"Naam, iishe!" alifoka Nasor. "Nitakuwa wa pili!"

Huko chini barabarani Fakhriya alimuuliza kama hayo ya mashine ni kweli. Bi Kuru akamjibu kwamba watu wasioweza kutengeneza lifti hawawezi kuwa na mashine kama hiyo.

*

Jumamosi, saa kumi jioni, Ismail aliteremsha shata nusu. Ndani walikuwamo Fakhriya, Nasor, Husna, Mzee Asad mwenye jengo, na Tarsis, aliyekuja baada ya Bi Kuru kumpigia simu na kumweleza eda ni nini. Tai aliiacha nyumbani. Juu ya meza ya kupimia vitambaa kulikuwa na kimashine cheusi.

Bi Kuru akaweka kidole. Nasor akafuata, akakibonyeza kama anaua mbu. Ismail akaweka. Mzee Asad akaweka huku akilalamika kwamba Kariakoo ya zamani haikuwa na upuuzi huu.

"Husna."

Husna akatoa mkono wa kulia chini ya mtandio. Ulikuwa umefungwa kitambaa, vidole vyote vitano.

"Nimeungua, Bi Kuru. Mafuta ya sambusa, jana usiku."

"Pole sana. Kiganjani?"

"Nchani, kwenye vidole."

"Vyote?"

"Vyote."

"Mafuta yenye adabu hayo. Yamegusa ncha tano, kiganja yamekiomba radhi. Basi lete wa kushoto."

Husna akautoa upesi, na ulikuwa mzima. Bi Kuru akamgeukia Tarsis. "Siku ile mliweka mkono upi kwenye mashine?"

"Wa kulia," Tarsis alijibu kwa sauti ya kuku mwenye kideri. "Mara zote tatu."

"Na mimi jana sikutaja mkono."

"Kila mtu anatumia wa kulia!" Husna alisema. "Hilo nalo ushahidi?"

"Lawezekana. Mumeo yupo, akufungue tutazame malengelenge. Yakiwepo, nakuomba radhi mbele ya wote."

Nasor hakungoja. Alimshika mkewe mkono, akafungua kitambaa mzunguko mmoja baada ya mwingine, na kadiri kilivyofunguka ndivyo sauti yake kubwa ilivyompotea. Vidole vilikuwa vizima, vina hina nzuri isiyo na hata alama ya moto.

"Husna," alisema. "Niambie mafuta yako wapi."

Nje mchuuzi alikuwa akinadi soksi.

"Nitasema mimi, nikikosea anisahihishe," alisema Bi Kuru. "Kitambulisho kilikuwa kwenye kabati la chumba chako, Husna. Simu uliitaka wewe, kwa jina la mumeo. Ulijipaka hina ukijua mashine itashindwa, maana simu yako imeshakukana mara ngapi. Ukavaa ninja, ukafukiza udi kwa mazoea yako, ukaenda kukopa kwa jina la mwanamke aliyefungwa ndani na msiba. Ujanja wote huo, na hukukumbuka kwamba mwenye eda hanukii! Hukukumbuka kwa sababu hukumjali. Kwako Fakhriya hakuwa mfiwa, alikuwa kitambulisho."

Husna akainua kichwa. Machozi hayakuwepo, na haya pia.

"Na mume wangu je? Miaka yote anakaa kwenye kigoda pembeni ya meza ya kaka yake, anaitwa bosi kwa mzaha. Kaka kafa, nikadhani sasa zamu yetu. Eti fremu anakaa nayo yeye! Anaombwa anakataa! Mzee Asad alishasema mkataba ukiisha anataka kilemba. Nikaona nipate kilemba, na Fakhriya asiweze kukopa popote. Kwa mkopo mmoja nimepata yote mawili."

"Hizo fedha ziko wapi?" aliuliza Fakhriya.

Husna akamtazama Mzee Asad. Mzee akashika ndevu zake.

"Astaghfirullah. Wa dalali ni wewe?"

"Ni mimi. Zote ziko kwako."

Nasor akakaa chini juu ya mabunda ya vitambaa, akajifunika uso kwa kofia yake. Tarsis akaanza kujikusanya aondoke. Bi Kuru akamwekea mguu mlangoni.

"Wewe unakwenda wapi? Lile kosa kwenye kumbukumbu za Fakhriya unalifuta lini?"

"Mama, nitaandika ombi la marekebisho. Makao makuu watalipitia, kisha taasisi, kisha... ni kama wiki sita. Utaratibu..."

"Neno hilo ulitaje tena, nikutie hicho kimashine mdomoni! Na hakina betri, utakimeza hivyo hivyo. Mwizi kakiri mbele yako!"

"Mfumo haujui kukiri, mama."

Bi Kuru akatukana tusi la kituoni ambalo halikuwa limemtoka tangu astaafu. Wiki sita! Jumatatu ilikuwa keshokutwa. Mwizi wamemkamata, na fremu bado inakwenda. Akatoa simu awapigie wenzake wa Msimbazi waje na pingu, angalau jambo moja likamilike.

"Ngoja, Bi Kuru," alisema Fakhriya.

Alikuwa amesimama nyuma ya meza, mahali pa mumewe, mikono juu ya futi ya kupimia. Uso wake ulikuwa mkavu.

"Tarsis, mkopo huu ni wa nani?"

"Kwa mujibu wa kumbukumbu... ni wa kwako. Lakini tumeona kwamba..."

"Mmenitangaza benki kwamba ni wangu. Taasisi wameandika ni wangu. Wiki nzima nimewaambia si wangu, mkanicheka. Basi usifute kitu. Ni wangu."

"Una wazimu?" alisema Bi Kuru.

"Malimbikizo atayalipa Husna. Dhahabu anayo, leo amevaa bangili mpaka kwenye kiwiko. Nasor atazipeleka kwa sonara sasa hivi, na wewe Tarsis utanipa stakabadhi kabla ya Isha. Ukichelewa, habari ya kuruka vidole itafika kwa mabosi wako kabla yako. Yanayobaki nitalipa mimi kila mwezi, kama nilivyokusudia kulipa benki. Pingu, Bi Kuru, zitafuata. Siku zipo."

Nasor aliinuka bila kuinua macho, akanyoosha mkono kwa mkewe. Bangili zikaanza kuvuliwa moja moja. Husna hakubisha. Bi Kuru alirudisha simu mfukoni, akajikuta hana wa kumdharau nyuma ya meza ile, na hali hiyo ikamsumbua kidogo.

Fakhriya akamgeukia mwenye jengo.

"Mzee Asad, kilemba umeshapokea, tena kwa mkopo wenye jina langu. Leta mkataba. Siku zote hizi nahangaika mjini natafuta mkopo, kumbe ninao."